Waya Mnene wa Chef Lubamba

Jumatano

Mabega yananiuma kwa mifuko ya mchele, lakini silali kabla ya kuandika hili.

Leo hapa depo ya Kindu, resho mpya, jiko la umeme la patroni mwenye depo, ilikata fyuzi ya jenereta mara tatu. Chef Lubamba, fundi wetu, akasema resho ni mbovu. Akachukua waya mnene wa shaba auweke mahali pa fyuzi.

Nikasema, "Chef, tuhesabu kwanza."

"Weye mubeba mifuko? Haya, profesa, hesabu."

Niliogopa. Ningekosea, ningefukuzwa.

Kabla fyuzi haijakatika, kipimo cha jenereta kilionyesha volti 220, ampea 10. Nikaandika ukutani kwa mkaa: 220 gawa kwa 10, ukinzani wa omu 22. 220 mara 10, wati 2,200, sawasawa na ilivyoandikwa chini ya resho. Kumbe resho ni nzima. Jenereta ndiyo ndogo, ya wati 2,000 tu. Waya ule usingekatika, ungeiunguza, na sisi wa zamu ya jioni, bila taa, tungekosa kazi.

Chef alitazama ukuta, akautupa waya.

"Ulisomea wapi?"

"Porini kwetu Kabambare, Chef. Wakati wa vita mwalimu alituandikia kwa mkaa, juu ya mlango wa nyumba iliyoungua."

Hakucheka. Aliniomba nirudie ile ya omu, polepole.