Siku Uliponifundisha Kutulia

Mama mkwe mpendwa,

Hukuwahi kujua jinsi nilivyolichukia neno "tulia" kabla sijalisikia kinywani mwako.

Miaka ile reli ilikuwa bado inajengwa kuja Kasese. Nilikuwa msichana wa kanisani kutoka milima ya Bwera, mwanao dereva Mwislamu, na ndoa yetu hukuitaka. Ulinipa chakula, ulinipa blanketi, lakini hukuniita hata kwa jina. Kiswahili changu kilikuwa cha sokoni tu. "Tulia!" nililijua kwa askari aliyetupigia kelele mnadani huku ameinua fimbo.

Uchungu uliponishika, mwanao alikuwa Katunguru na lori la samaki. Ukafunga duka lako, ukaingia chumbani kwangu. Nilipopiga yowe ukasema, "Tulia."

Nikausukuma mkono wako. "Mimi si mfungwa!"

Ukanitazama kwa mshangao. "Nani amesema wewe mfungwa? Tulia ya askari ni kufunga mdomo. Yangu ni kupumzika. Lia, hakuna neno. Lakini maumivu ikienda, wewe pumzika. Itarudi, na itataka nguvu."

Ukaketi nyuma yangu, ukaniegemeza kifuani. Nililia nilivyotaka. Maumivu yalipopungua nililegea, mara nyingine nikasinzia kabisa, nawe hukusogea hata miguu yako ilipokufa ganzi.

Mtoto alitoka kimya, kitovu kimemzunguka shingoni. Ulikitoa, ukamgeuza, ukamsugua mgongo. Bado kimya. Nikaona unamsugua kwa pupa ya hofu, wewe uliyezalisha nusu ya mtaa.

"Tulia, mama," nikakuambia. Sijui nilipata wapi ujasiri.

Ukavuta pumzi, ukamsugua tena, polepole. Akapiga chafya, kisha akalia hadi majirani wakashangilia nje. Ukacheka huku machozi yakikutiririka, ukamlaza kifuani pangu. "Masika," ukasema, "mushike mutoto wako." Siku hiyo ndipo nilipojua kwamba jina langu ulilijua siku zote.

Mama, mtoto yule amejifungua juzi kule Kisinga, salama. Nilikuwa na hofu wiki nzima, nisile, nisilale. Sasa nimerudi nyumbani, nimevua viatu, nimekaa barazani. Hakuna anayeniita, na mwili wote umelegea kwa raha.

Lala salama huko kaburini, mama. Nami acha nijinyooshe kidogo.

Mkaza mwanao,
Masika