Goti la Salehe

Muscat, Ijumaa, mwaka wangu wa arobaini na mbili mbali na Tanga

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Bibi yako anapata nafuu. Unauliza kama uwasemee wenzako katika timu yenu ya mpira wa jadi huko Ayalandi, maana mnaumia na hamlipwi.

Zamani, katika timu ya mtaa wetu wa Nguvumali, Tanga, nilikuwa nahodha. Kipa wetu, Salehe, alivimba goti. Mwenyekiti wa timu akamlazimisha acheze; mimi nikataka aitwe daktari.

"Daktari wa nini? Si mnacheza kwa mapenzi?"

"Basi kadake wewe, mzee, kwa mapenzi hayo hayo!" nikamjibu.

Tukavua jezi wote, tukazirundika miguuni pake. Salehe akapelekwa hospitali, mimi nikafukuzwa.

Wasemee, mwanangu.

Timu ile sasa imenialika Tanga, kwenye sherehe ya wachezaji wa zamani. Salehe hawajamwomba radhi. Sitarudi.

Babu yako