Nzuri, Ila

Kwa Dada yangu Anastazia,

Shikamoo Dada. Naomba barua hii ikukute una nguvu, wewe na shemeji na watoto, na mvua iwe imewafikia. Anayekuletea ni Gervas, niliyekuwa nakata naye miwa. Msimu umekwisha, anarudi Kasulu, nami sirudi naye. Huku hospitali simu zetu wanazitunza manesi, ndiyo maana umepiga sana bila kupokelewa.

Nimeandika hospitali. Usishtuke, sijavunjika popote. Niko Moshi mjini, wodi ya wagonjwa wa akili.

Baada ya kumzika Veronika nilirudi shambani kama kawaida. Sikulia. Watu wa kambini walinisifu, wakasema mke wake amekufa na bado anakata miwa, huyu ni mwanaume. Halafu asubuhi moja nikakaa chini katikati ya miwa na sikuona sababu ya kusimama tena. Nyapara aliniita. Nilimsikia vizuri, nikabaki nimekaa. Haikuwa kiburi, Dada. Wakaninyanyua, wakanipakia kwenye trekta, na Neema akabaki kwa jirani yetu Mama Pendo. Wamemwambia baba yake amepata kazi mlimani.

Hapa si pabaya. Ni dawa, uji, kuoga, kulala. Kitanda cha jirani yupo mzee mmoja wa Mwika, mkulima wa kahawa. Mkewe anamletea mtori kwenye hotpoti, naye ananisukumia nusu nzima. "Kula bwana, ndizi hizi hazikupikwa zitazamwe," ananiambia. Nakula. Sisikii ladha, lakini nakula.

Sasa nikueleze kilichotokea. Wodini wana kishikwambi, na ndani yake kuna programu ya kutusaidia sisi wenye maradhi haya siku ambazo daktari hayupo. Inaongea kwa sauti ya binti wa Dar. Kila asubuhi Sista Mmari, muuguzi wetu, anakipitisha kitanda kwa kitanda. Kinakufundisha kuvuta pumzi taratibu, kinakuuliza umelalaje, lakini kwanza kinakusalimu: habari za asubuhi, unajisikiaje leo? Chini kuna pa kubonyeza: nzuri sana, nzuri, siyo nzuri, mbaya. Ukibonyeza kinasema asante.

Yule mzee alikigomea. "Haka katoto kamelelewa wapi? Kananiuliza habari hata hakajaniamkia." Basi Sista Mmari, pamoja na shughuli zake zote, akakiinua kishikwambi mbele ya uso wake akakisemea: shikamoo babu. Mzee akaitika marahaba, ndipo akaanza kueleza jinsi usingizi ulivyomhama tangu alipouza ng'ombe wake. Wodi nzima ilicheka. Mimi niliwaona wanacheka.

Mimi nilibonyeza nzuri. Kesho yake nzuri tena. Dada, kwetu nani aliwahi kuulizwa habari akajibu mbaya? Asubuhi ile Baba alipofariki, jirani alikuuliza habari za hapa, ukasema nzuri, ila Baba hatunaye. Ndivyo tulivyolelewa, nzuri inatangulia na mambo yenyewe yanafuata. Lakini kile chombo kikishapata nzuri kinashukuru na kwenda zake. Hakingoji ila. Nami sikuwa na nguvu ya kukikimbiza.

Ikafika siku daktari akanionyesha mstari wa majibu yangu kwenye kioo cha kishikwambi, umenyooka vizuri. "Hongera Yohana, umetulia. Kesho tunakupa ruhusa." Nikasema asante daktari. Nikabaki natazama dari. Nilijua nikirudi kambini sitamaliza wiki nikiwa hai. Sikuwa na huzuni, wala hofu, nilijua tu, kama unavyojua njia ya kisimani. Nilimfikiria Neema, nikaona atazoea.

Asubuhi ya kuondoka Sista Mmari alikuja mikono mitupu, kishikwambi kilikuwa kwenye chaji.

"Habari za asubuhi, Yohana?"

"Nzuri."

Akageuka akaniletee dawa za kwenda nazo nyumbani. Mzee wa Mwika alikuwa anamenya ndizi, hata hakuniangalia.

"Nzuri, ila?" akauliza.

Nikausikia mdomo wangu unasema, "Nzuri, ila sitaki kuishi."

Mzee aliacha kumenya. Sista akarudi, akakaa kitandani kwangu, kitu ambacho huwa hawafanyi. Akaniuliza tangu lini. Nikamwambia tangu Veronika. Ruhusa ikafutwa palepale, na daktari naye akaja akavuta kiti. Siku hizi kishikwambi kinapita kama zamani, lakini Sista akishakizima hasogei, anangoja. Wodi nzima tumekuwa wasemaji, chai inapoa.

Bado sihisi kitu, sitaki nikudanganye. Daktari anasema hata kulia kutakuja. Ninachoogopa, kama huku ni kuogopa, ni jinsi nilivyoona Neema atazoea, na nikaliona ni jambo la kawaida. Njoo umchukue, Dada. Usingoje mavuno. Gervas atakuelekeza nyumba ya Mama Pendo.

Nisalimie shemeji, umwambie anisamehe kukuondoa shambani wakati huu. Wasalimie wapwa zangu, na mama mdogo wa pale kanisani. Mama umsomee salamu tu, haya mengine nitamwambia mwenyewe tukionana.

Neema mwambie ukweli, kwamba baba yake anaumwa na anatibiwa. Akikuuliza kama nitakuja kumfuata, mwambie ndiyo. Nimelisema hilo bila kuhisi chochote, lakini nimelisema mbele ya Sista Mmari, naye amesikia.

Mdogo wako,
Yohana