Mama, Walikuja na Majembe Kaburini

Mama,

Sikuulizi hali, wala sitasema mimi sijambo. Nina hasira. Nisipokuandikia wewe nitamtukana mtu kanisani, nawe hukunilea hivyo.

Shirika nililokuwa nafanyia kazi mjini limeuzwa na sisi tumepunguzwa kazi. Nimekihama kile chumba cha kupanga cha Nkuhungu, nimerudi kijijini, nalala kitandani pako. Mvua zimeanza, na kila jirani ananiambia neno lilelile: pika pombe, watu watakuja kukulimia. Ndivyo tulivyo. Mtu anakulimia mpaka jua la utosi, kisha anakaa uani kwako anywe pombe ya mtama.

Wewe hukupika. Mzee Elia, mzee wa kanisa letu, alisema anayepika atatengwa na Meza ya Bwana, nawe ukatii. Baba alipofariki ukalilima lile shamba peke yako, mwaka hadi mwaka, huku ukisikia watu wakiimba kwenye mashamba ya wenzako. Nilikuja likizo nikakukuta viganja vimepasuka, nikakuuliza, mpaka lini? Ukanijibu, "Mwanangu, Mungu hakuniambia itakuwa rahisi. Aliniambia nitii." Kisha ukanitengea ugali wa uwele na mlenda, kana kwamba mazungumzo yamekwisha.

Hayakwisha, Mama. Ulianguka katikati ya palizi, na waliokuokota ni wapita njia waliokuwa wanakwenda Mvumi.

Siku ya mazishi walikuja wote. Wanakwaya, akina baba wa kanisa, Mzee Elia mwenyewe kakunja suruali. Wamebeba majembe! Wakachimba kwa kupokezana, ardhi ngumu, jasho linawatiririka, na hakuna aliyeuliza atakunywa nini. Nilikaa mkekani nikiwatazama mpaka nikasahau kulia. Kumbe wanaweza. Kumbe miaka yote ile wangeweza kulima bila pombe, ila walikuwa wanangoja ufe.

Na sikia hili. Mzee Elia kafungua grosari kwenye njia ya Chamwino. Biashara huria! Anauza bia za chupa, leseni kaitundika ukutani, na Jumapili bado anapitisha sahani ya sadaka. Nilipomuuliza akasema, "Mimi nauza tu, binti yangu, sinywi." Pombe yako ingekutenga na Bwana. Ya kwake ina kizibo, basi ni halali.

Hata wewe umenikasirisha. Ungewauliza mara moja tu: pombe mmenikataza, sawa, majembe mtaleta lini? Ulidhani kuuliza ni kiburi. Mama, Mungu alikutaka utii, hakukutaka ufe kimya.

Basi nimeuliza mimi. Jumapili iliyopita, wakati wa matangazo, nilisimama bila kuitwa nikawauliza hivyo hivyo, mbele ya mchungaji. Mzee Elia akaniambia nikae, utakatifu si ubishi. Sikukaa. Baada ya ibada ni mmoja tu aliyenifuata, Mama Sechelela, yule mjane wa kule kisimani. Alinishika mkono akasema, "Hata mimi sipiki. Nalima peke yangu."

Sitapika, Mama. Si kwa kumwogopa Mzee Elia. Meza ile si yake. Wewe ulimwahidi Mungu kwa moyo mweupe, na ahadi yako sitaichezea. Ila kesho asubuhi naanza na shamba la Mama Sechelela, kisha tutakuja wote wawili shambani kwako. Sikuagizwa na mzee yeyote. Aliyeniagiza ni yuleyule uliyemtii wewe, na sidhani kama alikusudia ulime peke yako.

Pumzika sasa. Siwezi kukuahidi kwamba nitawasamehe, hilo bado. Hasira nitakwenda nayo shambani, ardhi yetu ni ngumu, itanifaa. Ninachokuahidi ni hiki: Mama Sechelela hatasubiri afe ndipo watu wamletee majembe.

Mwanao,
Ester