Boris Yuko Njiani

Kalobeyei, Jumanne

Mpendwa dada Élisabeth,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Lodwar, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua. Sisi huku tupo, tunamshukuru Mungu. Mama anakula vizuri na bado anagombana na mbuzi wa jirani. Usishangae kuona karatasi badala ya simu. Simu ndiyo kamera yangu siku hizi; nimeifunga kwa kamba juu ya kiti na haitakiwi kuguswa, kwa sababu utakazozisoma.

Unakumbuka nilijiunga na mafunzo ya filamu kwenye kituo cha vijana. Mwalimu wetu, Siham, anatufundisha kutembeza wanasesere: unasogeza mguu kidogo, unapiga picha, unasogeza tena, unapiga tena. Picha kumi na mbili ni sekunde moja tu! Nikaamua kumtengeneza kaka yetu Boris akirudi nyumbani kutoka Juba, maana tangu aende kuwa utingo wa malori hatujamwona. Wa kwanza nilimfinyanga kwa udongo wa mtoni, akapasuka kabla ya saa sita. Wa pili nikampa mifupa ya waya, na udongo wake nikaukanda na mafuta ya kupikia na nta ya mishumaa. Huyo akasimama. Nyayo zake nazikaza kwa pini kwenye barabara ya katoni, na dirisha nimeliziba kwa blanketi, kwa kuwa jua likisogea vivuli vinaruka.

Kosa langu lilikuwa kumwonyesha Mama. Alimtazama Boris akipiga hatua tatu, akalia, kisha akaniambia nimekosea, bega lake la kushoto hushuka. Nikalishusha. Tangu hapo kila jioni anauliza amefika wapi. Hata yule mama muuza makaa akipita na salamu yake ya Kiturkana, ejok, anaelezwa kwamba Boris kabakiza kona moja.

Dada, keti kwanza. Nimekuwa nikimsogeza polepole makusudi, picha mbili kwa siku, na kumsingizia Siham kwamba ndiye anayetaka hivyo. Wiki tatu zilizopita Gervais, aliyekuwa naye kwenye lori, alinifuata kituoni. Aliniambia lori lilisombwa na mafuriko, na kwamba walimzika Boris kando ya barabara. Nikamwapisha asifike nyumbani. Nilijua natenda vibaya. Lakini kila nikitaka kufungua mdomo, Mama ananiuliza kama huko njiani mtoto amepata maji.

Leo asubuhi nimemkuta Mama mbele ya kamera. Amemng'oa Boris, pini zimechana katoni, na amemsimamisha mlangoni pa nyumba yetu ya katoni, mwisho wa barabara. Nikamwambia ameharibu kazi ya wiki nyingi. Akajibu kwamba mtoto amesimama juani siku nyingi mno, akaniamuru nipige picha.

Nimepiga, dada. Kwenye filamu yuko mbali barabarani, mara yuko mlangoni, hakuna hatua hata moja katikati. Sasa Mama anataka nimwingize ndani, aketi, ale, na ameshaanza kumfinyangia sahani. Siwezi kumwambia, wala siwezi kumkatalia. Nimechoka, na naogopa.

Panda gari la kwanza uje. Nisalimie shemeji na watoto, na Mungu akulinde njiani.

Mdogo wako,
Josiane