Mguu wa Akiru Hauuzwi kwa Mbuzi

Mpwa wangu Akiru, ejok!

Kwanza ujue kwamba siku hizi mahakama ya Lodwar haianzi kazi mpaka mimi nimeketi. Leo asubuhi nimeingia na ekicholong changu, kile kigoda ninacholalia kichwa. Askari wa mlangoni akataka kunizuia, nikamwangalia tu, akasogea. Mawakili wote wakasimama wima. Kuna watu watakaokuambia walisimama kwa sababu hakimu naye alikuwa anaingia kwa mlango wa nyuma. Waache waseme. Watu wa Lodwar wana wivu.

Tumeshinda, Akiru! Umeshinda! Nimekupigia simu mara nne hukushika, nikasema basi, nitaandika. Niko hapa kwa benchi ya hoteli, chai imepoa, inzi mmoja ameshaogelea ndani yake, na mimi sina habari.

Na barua hii siifungi. Nakala moja inakuja kwako huko Eldoret na dereva wa basi la jioni. Ya pili naibandika Kakuma, mlangoni kwa duka la Mama Furaha, kwa sababu jina langu lilianza kuchafuliwa pale pale, ati mimi, mjomba wako, niliuza mguu wa mtoto wa dada yangu kwa mbuzi. Wasome wote. Asiyejua kusoma asomewe.

Unakumbuka nilipokutoa Kaikor, mwaka ule dada yangu, mama yako, alipotuacha? Nilikubeba mabegani siku mbili bila tone la maji, na fisi saba nyuma yetu. Kila nikikusimulia ulikuwa unanikata: "Mjomba, jana walikuwa wanne." Nami nikakujibu, "Walizaa njiani." Ulicheka mpaka ukaanguka kwenye mchanga. Ulikuwa na miaka sita, miguu myembamba kama ya korongo, na haikutulia hata dakika moja. Nilisema huyu mtoto atakula kwa miguu yake. Na ikawa hivyo. Ukapata ile kazi ya kutembea boma hadi boma na sanduku la chanjo, huku Kalobeyei, kule Nakalale, na akina mama walikujua kwa nyayo tu, kabla hujabisha hodi. Kwa hiyo mtu akisema ni mguu tu, hajui anachosema. Ule ulikuwa shamba lako. Ulikuwa mifugo yako.

Siku ile ya ajali sijaisahau, ingawa nimeisimulia kwa namna nyingi. Tulitoka Lodwar kwenda Kakuma saa nne asubuhi, jua limeshaanza ukali. Wewe ulikaa kando ya dirisha upande wa kushoto. Dereva alikuwa na simu sikioni, anagombana na mtu kuhusu mchele. Zamani barabara hii ilikuwa mashimo na mawe, gari lilienda kama kobe, tulichelewa lakini tulifika. Sasa lami imekuja, nyororo kama tumbo la samaki, na madereva wamepata wazimu. Ulimwambia kwa adabu, "Kaka, punguza kidogo." Akakujibu nini? "Dada, ukitaka polepole panda punda." Mimi nikacheka! Nilicheka, Akiru, na kicheko kile kingali kinanikera.

Tukapita laga ile kubwa, ule mto mkavu wa mchanga, tukasikia pa! Tairi la mbele, upande wako. Gari likaenda kulia, likaenda kushoto, likaingia kwenye vichaka vya mathenge na kulala ubavu. Nimewaambia watu kwamba nililishika gari kwa mkono mmoja nikalisimamisha. Sawa, tuliligeuza wanaume sita. Lakini mimi nilikuwa upande mzito.

Ulikuwa umelala mchangani, mfupa wa goti kwenda chini umepinda mahali ambapo Mungu hakuweka kiungo. Mimi napiga kelele, nalia, naita watu wa ukoo waliokufa zamani. Nawe, meno yamekazana, ukanivuta shati: "Mjomba. Nyamaza. Piga picha ya tairi." Nikauliza, tairi la nini sasa? Ukasema, "Piga. Kabla hawajalibadilisha." Nikapiga. Tairi lilikuwa na kipara kuliko kichwa changu, nyuzi zimetokeza kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Wakakukimbiza hospitali ya Lodwar na gari la msamaria mmoja, na wakati unafanyiwa upasuaji wa kwanza mimi nilikuwa nje nimeishika ile simu kama mtoto mchanga.

Sasa nije kwa mbuzi. Wasomaji wa mlangoni kwa Mama Furaha, someni hapa polepole.

Siku ya tatu, Akiru angali hospitalini hajitambui vizuri kwa dawa, mwenye gari alikuja kwangu Kakuma. Mzee Lokol, mfanyabiashara, mtu wetu wa Turkana kabisa, si mgeni. Alikuja na mbuzi dume mweupe, mnono, na wazee wawili. Nyinyi mnajua mila. Mali ya mtu ikimwaga damu ya mwingine, hakai nyumbani ananyamaza. Anakuja na mnyama, anachinjwa, wazee wanapakwa majani ya tumboni mwake, mioyo inapoa. Ukimkataa umesema unataka vita. Mimi ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki, ningefanyaje? Nilipokea. Nikachinja mwenyewe. Nikabariki kwa sauti iliyosikika mpaka kambi ya wakimbizi.

Tukiwa bado na mafuta midomoni, Lokol akatoa karatasi mfukoni. Akasema, "Mzee, hii ni ya kuonyesha tu kwamba tumekaa vizuri." Ilikuwa ya Kiingereza. Nikavaa miwani, nikaitazama juu mpaka chini, nikatikisa kichwa kama mtu anayekubaliana na hoja nzito, nikatia sahihi.

Miezi ikapita. Bima wakakataa kulipa. Wakili wetu, yule binti mfupi mwenye sauti ya tarumbeta, akaenda kuuliza sababu, wakamtolea ile karatasi. Kumbe iliandikwa kwamba mimi nimetumwa na Akiru, nimesoma na kuelewa, nimepokea mbuzi kama malipo yote ya ajali, na hakuna mtu wa ukoo wetu atakayedai kitu tena mpaka mwisho wa dunia. Upasuaji wa pili, ule ambao daktari alisema bila huo hutatembea sawasawa, ukabaki unaning'inia kwenye sahihi yangu.

Habari ikafika dukani kabla yangu. Mama Furaha, jirani yangu Mkongo ambaye hajawahi kunyamaza tangu avuke mpaka, alinishika kifuani mbele ya watu: "Ee mzee! Ni kweli uliuzisha mguu ya mutoto juu ya mbuzi? Hata kama ni ngombe, mzee! Hata ngombe!" Watu wakacheka. Nikawaambia karatasi niliisoma vizuri sana, ila Lokol aliongeza maneno baadaye. Kila aliyeniuliza nilimjibu hivyo. Baadaye hata mimi nikaanza kuamini.

Lakini wewe hukucheka. Ulinipigia, ukasema neno moja tu: "Mjomba, kwani mguu ulikuwa wako?" Ukakata. Tangu siku ile, nikituma salamu unajibu "sawa mjomba", herufi kumi. Nimezihesabu. Akiru, mimi nimepigana na mamba kwenye ziwa, nimemzaba kofi akarudi majini. Hakuniumiza kama zile herufi kumi.

Basi, mwezi uliopita niliitwa kutoa ushahidi. Wewe ulikuwa umeshatoa wako na kwenda Eldoret kwa matibabu ambayo kanisa lilichangia. Nikaingia kizimbani nimevaa koti la harusi yangu.

Kwanza wakaleta uongo wa ngamia. Dereva aliapa kwamba tairi lilikuwa zima kabisa, likapasuka kwa kumgonga ngamia aliyeruka barabarani, na ngamia akakimbilia porini na jeraha. Wakili wao, mwenye tai nyekundu, akasema basi mwenye kosa ni mwenye ngamia. Aisee, hapo walikanyaga shamba langu! Nikasema, "Mheshimiwa, naomba niulize swali moja. Ngamia wa nani?" Wakili akasema hajulikani. Nikageukia watu: "Hajulikani! Mheshimiwa, huku kwetu ukigonga hata mwana-mbuzi, mwenyewe anatokea kabla vumbi halijatua. Anakuja na kaka zake, na alama ya ukoo wake iko kwenye ngozi ya mnyama. Anadai huyo mnyama, anadai na watoto ambao angezaa. Sasa ngamia mzima ametobolewa na gari, na mwaka mzima hakuna mtu amefika polisi kupiga kelele? Mheshimiwa, ngamia huyo alizaliwa kwenye mdomo wa dereva." Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Karani alificha uso kwenye faili. Wakili wetu akatoa picha ya tairi, na ngamia akafa rasmi.

Ningeteremka hapo ningekuwa shujaa. Lakini tai nyekundu akatabasamu, akanikabidhi ile karatasi.

"Mzee, sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Hapa imeandikwa ulisoma na ukaelewa. Na wewe mwenyewe umewaambia watu wa Kakuma kwamba uliisoma vizuri. Nina shahidi. Ni kweli uliwaambia?"

"Niliwaambia."

"Basi tusomee mstari wa kwanza."

Nikavaa miwani. Akiru, herufi nazijua, nimefika darasa la tano na ningefika mbali zaidi kama mwalimu hangeniogopa. Lakini Kiingereza cha mawakili ni kama mathenge, unaingia unatoka na miiba tu. Nikaangalia watu. Mama Furaha alikuwa amekuja kutoka Kakuma, amekaa mbele kabisa. Wazee wawili walewale wa Lokol walikuwepo. Nusu ya Kakuma inaamini mimi ndiye niliyewafundisha makarani wa kambi Kiingereza, kwa sababu niliwaambia mimi. Nikafikiri, nitabahatisha. Nitasema kitu kizito kizito. Halafu nikakuona, sijui kwa nini, vile ulivyokuwa mchangani, meno yamekazana. "Nyamaza, mjomba."

Nikavua miwani. Nikasema, "Mheshimiwa, sijui kusoma hii. Sikuisoma siku ile na siisomi leo. Wala Akiru hakunituma. Alikuwa hospitalini hajui hata jina lake. Mbuzi nilimla, ndiyo. Lakini yule mbuzi ni wa kupoza moyo. Mfupa una malipo yake mbali. Waulize wazee wale pale."

Hakimu akawauliza. Wa kwanza akatazama chini. Wa pili, mzee wa heshima, akasimama akasema, "Ni kweli. Mbuzi wa kupoza moyo hamalizi mfupa. Lokol anajua."

Na leo hakimu amesoma hukumu. Kwa Kiingereza, tena ndefu! Nilikaa natikisa kichwa kwa mazoea, kisha nikakumbuka, nikaacha. Binti wakili akanifasiria kwenye ngazi. Karatasi ile imetupwa, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kusamehe kwa niaba ya mtu mzima ambaye hakumtuma. Kosa ni la dereva kwa mwendo na simu, na la mwenye gari kwa tairi bovu. Bima walipe matibabu yote, upasuaji wa pili ukiwemo, na kazi uliyopoteza. Wakili anasema tusichinje bado, wanaweza kukata rufaa, ila anasema hukumu imesimama vizuri. Mama Furaha hakusubiri rufaa. Alipiga vigelegele kwenye ngazi za mahakama mpaka polisi wakamwomba ahurumie. Kisha akanikumbatia: "Mzee, leo ulisema ukweli, na hata hukufa!"

Kwa hiyo, mwanangu, mwambie daktari anoe visu. Fanya upasuaji. Jifunze kutembea taratibu, usione haya ya mkongojo. Uliza mwendo wa kila gari utakalopanda, angalia tairi kabla ya kuangalia kiti, na dereva akikuambia upande punda, mimi sitacheka tena, nitashuka na wewe. Na ukiweza, nipigie. Si lazima uzungumze sana. Hata useme "sawa mjomba" kwa mdomo, nitaridhika.

Kakuma inakusubiri, na watoto wa Kalobeyei hawataki kudungwa na mtu mwingine. Mungu akutie nguvu kwenye mfupa.

Sasa kuna jambo moja ambalo hakimu hakuniuliza, na ningetaka ulisikie kwangu. Ile karatasi, si kwamba sikuelewa chochote. Kulikuwa na neno moja nililolitambua, lile la mbuzi. Nililiona, nikafurahi kwamba najua Kiingereza, sikuuliza mbuzi anatafuta nini humo, nikatia sahihi.

Nisamehe.

Ni mimi, mjomba wako, kaka wa mama yako