Difu Moja, Magari Mawili

Jumanne, 4 Machi
Difu imekufa, ile inayozungusha magurudumu ya nyuma! Nilikuwa natoka getini tu, ikalia kama mawe ndani ya sufuria, gari likagoma. Fundi ameifungua jioni: meno yamekatika, sahani zake za ndani zimeungua. Anasema, Mama, tuweke ya kawaida, nani atajua? Mimi nitajua! Difu yangu inabana. Tairi moja la nyuma likikosa mshiko, la pili linashikilia. Ya kawaida inaliacha moja lizunguke bure, na wewe huyo mtaroni. Marehemu mume wangu aliifunga kwa mikono yake. Mimi naendesha mbio za magari, yeye anatengeneza — ndiyo ilikuwa ndoa yetu.

Jumamosi, 8 Machi
Muuza spea kaapa kwamba anayo, iko kwenye gari bovu uani kwake. Nikamwambia ainue magurudumu yote mawili ya nyuma. Nikazungusha moja kwa mkono. La pili likazunguka kinyume. Ya kawaida! Ingekuwa yenyewe yangekwenda pamoja. Nikamwambia, hii kabebee viazi. Alicheka. Mimi nilinuna mpaka nyumbani.

Binti yangu kapiga simu: Mama, uza hilo gari, una miaka sabini. Kana kwamba sijui.

Jumatano, 12 Machi
Nimemkumbuka Vumbi! Mpinzani wangu wa zamani. Tulimwita hivyo kwa kuwa alikula vumbi langu misimu mitatu. Gari lake na langu ni mapacha. Nimempigia. Shemeji! — sauti ile ile. Difu imo, nzima kabisa. Macho yake ndiyo hayaoni tena. Njoo uchukue, anasema, gari bila dereva ni kabati tu.

Nimelia baada ya kukata simu. Marehemu alikuwa akimsafishia plagi kabla ya mbio, halafu anakuja kuniambia, ole wako akushinde!

Ijumaa, 14 Machi
Gari la Vumbi limo bandani kwake, limefunikwa shuka la kitanda. Mkewe hulifuta kila wiki. Vumbi ana sharti moja: tusilivute kwa kamba. Niliendeshe mwenyewe mpaka gereji, yeye akae pembeni. Jumapili. Fundi nimeshamwambia.

Nimepata nilichokitaka, ila difu ikitoka gari lake halitatembea tena.

Jumapili, 16 Machi
Injini imeshika mara ya pili! Vumbi kavaa shati lake la mbio, vifungo havifiki. Njia nzima ananitajia kona kwa kichwa: kulia, kali, usikanyage breki, shemeji! Kona ya kiwanda cha matofali nikaingia na gia ya tatu. Nyuma ikateleza kidogo — ikashika. Mungu wangu. Nilikuwa tena na miaka ishirini na saba, na mume wangu yuko hai, ananisubiri mwisho wa njia na chupa ya maji. Umesikia ilivyoshika? Vumbi akauliza. Nikaongeza mwendo.

Sasa tuko nje ya gereji. Kaniomba dakika moja kabla hajashuka, ndiyo nimepata kuandika hapa kwenye usukani. Anapapasa dashibodi, swichi moja moja. Fundi ametoa jeki, ananipungia niingie. Nyuma yake naliona langu, limeinuliwa, tumbo wazi. Nalipenda gari lile, jamani. Nalipenda mno.

Fundi anapunga tena. Vumbi ananiuliza mbona sizimi injini.

Nimemwambia afunge tena mkanda.